Chavua ya nyanya, Luchelele: shajara ya mradi

2 Septemba

Jana jioni Mama Kulwa alinipigia simu. Hata salamu hakumaliza, na si kawaida yake. "Mwalimu, maua yanamwagika. Njoo uone mwenyewe." Leo baada ya vipindi nimepanda bodaboda mpaka Luchelele, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza.

Kitalu nyumba chake kipo hatua chache kutoka ufukweni, katikati ya majabali. Nimefika saa nane mchana. Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya ugali. Chini, katikati ya matuta, maua ya njano yametapakaa. Nimeokota kama ishirini. Yote yamekatikia palepale, kwenye kile kifundo kidogo kilichopo katikati ya kikonyo, tena safi, kama yamekatwa kwa wembe. Mimea yenyewe haina shida yoyote: mashina manene, majani mabichi kabisa. Nje kuna mstari mmoja alioupanda kwa miche iliyobaki, mbegu ileile, siku ileile. Ule una vichala vya nyanya mbichi zinazolingana na ndimu.

Kipimajoto cha shule nilikuwa nacho kwenye mkoba. Nje kivulini kimesoma 29. Ndani 38.

Kuta za nailoni zote zimeshushwa. Nimemuuliza kwa nini, akaniambia, "Kantangaze, mwalimu. Msimu uliopita alinimalizia kila kitu." Sina neno la kumlaumu. Aliyewahi kuona shamba la nyanya lililopitiwa na kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, anajua mtu anaweza kufunga hata pumzi yake mwenyewe. Ameshanyunyiza busta, mbolea ya majani, mara mbili kwa sababu dukani walimwambia mimea ina njaa. Nimemwomba asinunue kitu kingine mpaka niangalie chavua.

"Chavua si ndiyo lile vumbi la njano?"

"Ndilo, mama. Lile vumbi."

Kuanzia leo naandika shajara hii, na klabu ya sayansi itafanya kazi pamoja nami. Doto, mwanawe wa kidato cha tatu, amejiandikisha kabla sijamaliza kueleza.

5 Septemba

Chavua haipimwi kwa kuitazama rangi. Inaweza kuwa ya njano, nyingi, nzuri, na isifae kitu. Kipimo ni kimoja: ukiipa maji yanayofanana na yale ya kwenye stigma, ile ncha ya kike ya ua inayopokea chavua, inachipua au haichipui. Ikichipua inatoa mrija mwembamba ambao, ndani ya ua, ungeshuka kupitia shingo ya ua mpaka kwenye ovari ukiwa umebeba seli za kiume.

Maji tunayotengeneza ni yale ya watafiti Brewbaker na Kwack, waliyoyaeleza mwaka 1963. Kwa kila mililita 100 unahitaji gramu 10 za sukari, miligramu 10 za asidi ya boriki, miligramu 30 za nitrati ya kalsiamu, miligramu 20 za salfeti ya magnesiamu na miligramu 10 za nitrati ya potasiamu. Sukari ni hii ya kwenye chai. Nitrati ya kalsiamu tumeitoa kwa Mama Kulwa mwenyewe, maana anaitumia kama mbolea kuzuia nyanya zisioze kitako. Vilivyobaki vilikuwa kwenye kabati la maabara.

Napenda sana jinsi watu wale wawili walivyoifikia kalsiamu. Ilishajulikana kwamba chembe nyingi za chavua zikirundikwa kwenye tone moja zinachipua vizuri, lakini chembe chache zikiwekwa peke yake zinakufa, kama vile zinahitaji kuwa kundi ili zipate moyo. Kumbe zilikuwa zinapeana kalsiamu. Ongeza kalsiamu kwenye maji, na hata chembe ya upweke inaota.

Mizani yetu haisomi miligramu. Njia ni kutengeneza maji makali kwanza: gramu 1 ya asidi ya boriki kwenye mililita 100, gramu 3 za nitrati ya kalsiamu kwenye chupa yake, gramu 2 za salfeti ya magnesiamu, gramu 1 ya nitrati ya potasiamu. Baadaye unachota mililita moja kutoka kila chupa na kuimimina kwenye maji ya sukari, kisha unajaza mpaka 100.

Hapa nimefanya kosa la kubana matumizi. Chupa safi zilikuwa tatu, nikachanganya kalsiamu na magnesiamu kwenye moja. Asubuhi nimekuta tope jeupe limetulia chini. Kalsiamu imeshikana na salfeti ikawa jasi, kitu kilekile kinachotengenezewa chaki. Nimemwaga, nimeosha, nimeanza upya kwa chupa nne. Zikichanganywa mwishoni, zikiwa zimeshazimuliwa, hazina tatizo.

8 Septemba

Kabla ya kugusa nyanya nimeanza na boga. Ua dume la boga linafunguka alfajiri na kufikia mchana limeshasinyaa, kwa hiyo Doto na wenzake wawili walinikuta maabara saa kumi na mbili na nusu wakiwa na maua manne kwenye mfuko, bado yana umande. Chavua ya boga ni kubwa mno kwa chavua. Kwa hadubini yetu kuukuu unaiona kama mpira wenye miiba.

Tone la kwanza niliweka maji matupu kwa makusudi. Chembe zilivimba, na moja baada ya nyingine zikapasuka na kutapika uji wake wote. Wanafunzi waligutuka. Tone la pili lilikuwa na maji ya Brewbaker na Kwack. Kabla ya dakika ishirini kuisha, Doto akaita, "Mwalimu, hii imetoa mkono!"

Nimekaa kwenye kile kioo mpaka shingo ikauma. Ncha ya mrija ni angavu kama kioo, haina kitu. Nyuma yake ndani mnatiririka punje ndogondogo: zinakwenda mbele zikifuata kuta za pembeni, zikikaribia ncha zinageuka na kurudi kupitia katikati. Mtiririko haukatiki. Ncha inasogea mbele ukiitazama, kama kivuli cha jua kinavyosogea kwenye sakafu.

Wanafunzi walitaka kujua jeni ziko wapi hapo. Swali zuri, na nimelijibu ubaoni kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Jeni zenyewe hatuzioni. Tunaona kazi yao. Mrija unaota kwenye ncha tu, na ncha inajulikana kuwa ncha kwa sababu ya protini iitwayo ROP1, inayokaa pale kwenye utando na kuelekeza vifuko vya vifaa vya ujenzi viletwe hapo na si kwingine. Ukiilazimisha ROP1 ifanye kazi kila mahali, mrija hauendi mbele, unavimba kama puto. Kalsiamu nayo inaingia kwenye ncha kupitia milango. Mmojawapo umetengenezwa na jeni ya CNGC18, na mmea wenye jeni hiyo iliyoharibika unatoa chavua ambayo mirija yake haiwezi kufika popote.

Jambo lililowashika zaidi ni lile la kupasuka. Tulichokiona kwenye maji matupu kina uhusiano na kitu ambacho mrija unajilinda nacho kila sekunde. Ndani yake kuna msukumo mkubwa wa maji, na ukuta wa ncha ni laini ili uweze kutanuka. Kuna jeni mbili, ANX1 na ANX2, zinazotengeneza vipokezi vinavyokagua ukuta huo usizidiwe. Kwenye Arabidopsisi, kile kimmea kidogo cha jamii ya kabichi ambacho jenomu yake ilichapishwa mwaka 2000, ukiziharibu zote mbili, mirija inapasuka mara tu inapoanza kuota. Halafu, kwa upande wa kike, kuna jeni inayoitwa FERONIA, ndugu wa hizo mbili. Kazi yake ni kuhakikisha mrija unapasuka, lakini ndani ya ovuli, kile kifuko kinachokuja kuwa mbegu, mahali panapotakiwa. Jeni hiyo ikikosekana, mrija unafika, unaingia, unaendelea kuota ukijizungusha humo ndani, hautui mzigo.

Yaani kupasuka si ajali. Kupasuka mahali pasipo pake ndiyo ajali.

13 Septemba

Nyanya.

Tumefika Luchelele saa moja asubuhi. Ua la nyanya ni la peke yake: vifuko vya chavua vimeungana kuwa bomba, na chavua inatokea kwa ndani. Haitoki mpaka ua litikiswe. Nje kazi hiyo inafanywa na upepo, na pia na wale wadudu weusi wanene wanaotoboa mbao za paa, wakilishika ua na kulitetemesha kwa misuli ya mbawa. Ndani ya kitalu hakuna hata kimoja. Nimewasha mtetemo wa simu, nimeigusisha kwenye kikonyo, Doto akakinga slaidi chini. Mama Kulwa alisimama pembeni na khanga yake begani, akatazama vumbi likidondoka. "Kumbe ndiyo maana jirani yangu huwa anapiga waya kwa fimbo asubuhi."

Chembe za nyanya ni ndogo sana zikilinganishwa na zile za boga. Slaidi tumezigeuza, tone likining'inia chini, ndani ya kisahani chenye pamba yenye maji, tukaziacha saa tatu.

Tumehesabu chembe 200 za nje: 122 zimetoa mrija. Chembe 200 za ndani: 17. Na si kwamba nyingine zimechelewa. Nyingi zimenywea, zimekunjamana kama maharage yaliyokauka kabla ya kujaza.

Tumeona pia kitu ambacho sikukitegemea. Kwenye maua mengi ya ndani stigma imechomoza nje ya bomba la vifuko, imezidi kwa milimita moja au mbili. Hata chavua ikimwagika haiangukii. Joto linafanya hivyo kwa nyanya. Kwa hiyo ua linakosa mara mbili.

17 Septemba

Siku nne nimesoma usiku. Mama Kulwa ananiuliza kila siku kama afungue kuta, nami nimetaka kuwa na hakika kabla ya kumwambia akaribishe hatari ya kantangaze.

Nilichokuwa nacho kichwani ni kwamba ua linaharibika siku linapochanua, kwenye joto la mchana ule. Sivyo. Wakati ambao chavua ya nyanya inaumizwa zaidi na joto ni kati ya wiki moja na mbili kabla ua halijafunguka, likiwa bado kitumba kidogo kisichomshughulisha mtu. Humo ndani wakati huo seli mama zinagawanyika kwa meiosisi, kila moja inatoa nne, na hizo nne zinafungwa pamoja ndani ya ukuta wa kalosi, gamba la muda la sukari zilizoungana. Kinachozizunguka ni tabaka liitwalo tapetamu. Tapetamu ni mama mlezi hasa. Inatoa kimeng'enya kinachoyeyusha kalosi ili zile nne ziachane, inazilisha sukari, inazipaka gamba la nje, na mwisho inakufa na mabaki yake yanapakwa juu ya chavua. Ikifa mapema, watoto wanabaki bila chakula. Ikichelewa kufa, nayo ni shida. Joto linavuruga saa hiyo.

Na saa yenyewe ni jeni. Kwenye Arabidopsisi zimepangwa kama watu wanaopokezana ndoo kutoka ziwani: DYT1 inaamsha TDF1, TDF1 inaamsha AMS, kisha MYB80, kisha MS1. Ukimtoa mmoja kwenye mstari, ndoo inaishia hapo na ua linabaki bila chavua. Nyanya ina ndugu wa DYT1, jeni iitwayo MS10. Mmea ambao MS10 yake imeharibika unachanua vizuri, haufanyi chavua hata chembe. Kwa mkulima hilo ni balaa, lakini kwa mtengeneza mbegu chotara ni neema, kwa sababu hahitaji tena watu wa kukaa na kibano kung'oa vifuko ua kwa ua. Jeni hiyo iko jirani sana kwenye kromosomu na nyingine inayoleta rangi ya zambarau kwenye shina la mche, ndugu wawili wanaosafiri pamoja. Mtengeneza mbegu anaangalia kitaluni, mche wa shina la kijani tupu unakwenda upande huu, wa zambarau upande ule, kabla hata ua halijafikiriwa.

Kwenye kutengana kwa zile nne kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1994 watafiti walieleza mimea ya Arabidopsisi ambayo chavua yake haiachani, inatembea nne nne zimeshikana hadi mwisho. Jeni zikaitwa QUARTET. Chavua hiyo ni nzima, inarutubisha. Kilichokosekana ni kuyeyusha pektini inayozigandisha. Ndivyo jeni nyingi za namna hii zilivyojulikana: si kwa kuiona inafanya kazi, bali kwa kuuona mmea uliokosa.

Nimempigia simu Mama Kulwa saa mbili usiku. Nimemwambia maua yatakayodondoka kesho na wiki ijayo yalishaharibika, tusiyahangaikie. Tunahangaikia vitumba ambavyo leo ni vidogo kuliko punje ya mtama. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nimekuwa nanyunyizia maiti dawa." Sikujua nimjibu nini.

19 Septemba

Tumekunja kuta za nailoni zote nne mpaka juu. Neti ya wadudu imebaki, na pale ilipotoboka tumeshona kwa uzi wa nyavu. Baba mmoja wa mwaloni alikuja kutusaidia na vidole vyake vinakwenda haraka kuliko macho yangu. Juu ya paa tumepaka chokaa nyeupe iliyozimuliwa. Mitego ya kantangaze imeongezwa. Upepo wa ziwani ulipoanza saa saba, majani ndani ya kitalu yalitikisika kwa mara ya kwanza.

Saa nane: 31.

26 Septemba

Maua bado yanadondoka. Nilishamwonya, lakini kuonywa na kuona ni vitu viwili. Jirani mmoja amemwambia mwalimu anamchezea. Nimepima tena: 24 kati ya 200. Hakuna cha kushangilia.

Kwenye klabu tumetumia siku hiyo kwa LAT52, kwa kuwa ni jeni ya nyumbani kwetu, ilitolewa kwenye nyanya yenyewe. Inawaka mwishoni kabisa, chavua inapokomaa. Chavua iliyonyimwa inashindwa kunywa maji vizuri inapotua kwenye stigma, na haifiki mbali. Kipande cha DNA kinachoiwasha kinatumika maabara nyingi duniani wanapotaka kitu fulani kiwake ndani ya chavua na si mahali pengine. Kuna nyingine, HsfA2, ambayo inaisaidia chavua changa ya nyanya kustahimili joto kwa kuamsha protini za ulinzi. Zipo mbegu zinazostahimili joto kuliko nyingine, na nafikiri msimu ujao Mama Kulwa aangalie hilo kabla ya bei.

Doto akauliza kuhusu mwisho wa safari. Chavua ya nyanya inatoka ikiwa na seli mbili tu, na moja inagawanyika njiani, ndani ya mrija, kuwa seli mbili za kiume. Kwenye Arabidopsisi mgawanyiko huo unahitaji jeni ya DUO1. Isipokuwepo, inabaki seli moja isiyojua kazi yake. Mrija unaitwa na ovuli kwa protini ndogo. Watafiti wa Japani walizieleza mwaka 2009, wakaziita LURE. Kisha seli moja inaungana na yai, ya pili na seli ya katikati itakayokuwa chakula cha mbegu, kama Mrusi Nawaschin alivyoona mwaka 1898. Na ili ziungane inahitajika HAP2, ambayo pia huitwa GCS1.

Hapo nikawaambia kwamba HAP2 haiko kwenye mimea peke yake. Vimelea vya malaria wanayo, na wanaitumia kazi ileile, dume na jike kuungana ndani ya tumbo la mbu. Darasa likatulia. Doto alilazwa na malaria mwezi wa saba. Akaniuliza taratibu, "Ile ile, mwalimu?" Nikamwambia ni ndugu wa ukoo mmoja wa kale sana, kazi ni ile ile, na ndiyo maana wapo watu wanaotafuta chanjo itakayoiziba ndani ya mbu.

5 Oktoba

Siku kumi na sita tangu kuta zikunjwe. Nilikwenda peke yangu na Doto, sikutaka kundi kubwa endapo matokeo yangekuwa mabaya.

Stigma imerudi ndani ya bomba. Chembe zimejaa, za mviringo. Tumehesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini mikono yangu: 109 kati ya 200, halafu 113.

Mama Kulwa alikuwa anapalilia. Kati ya matuta kumejaa lile gugu linalotambaa lenye majani manene ya maji na vijiua vya njano. Nilimwomba aache shina moja. Ni kwenye gugu hilohilo ambapo Mwitaliano Amici aliuona mrija wa chavua kwa mara ya kwanza, mwaka 1824, ukitoka kwenye chembe juu ya stigma. Alisimamisha jembe akalitazama. "Hili?" Akalirudishia udongo kwa mguu, akapalilia kulizunguka.

Sasa kila asubuhi saa mbili anapiga waya kwa fimbo.

24 Oktoba

Vichala vya tano na vya sita vimeshika. Vile vya tatu na vya nne ni vitupu, vikonyo tu, na vitabaki hivyo. Hasara ile hairudi. Kantangaze ameonekana kwenye mtego, wachache, majani yako salama.

Kuna nyanya mbili tatu zilizoshika wakati wa joto. Ni ndogo, zina pembe. Mama Kulwa alichuma moja akaikata kwa kisu cha samaki, na nyingine ya kichala cha tano akaikata pembeni yake, zote mbichi. Ya kwanza ina uwazi ndani na mbegu sita. Ya pili imejaa ute wa kijani, mbegu zimebanana. Doto alianza kuzihesabu kwa ncha ya kijiti, akafika themanini na tatu, upande mmoja tu.

"Na kila moja ina mrija wake?" mama yake akauliza.

"Kila moja, mama. Wake peke yake."

Aliziweka zote mbili juu ya jabali, zimetazama juu. Jumamosi tunarudi na slaidi mpya. Kichala cha saba kimeanza kufungua maua, na nataka kupima kabla mvua za vuli hazijabadilisha unyevu wa ndani.